Ugali Mweupe wa Mheshimiwa Balozi

Asikudanganye mtu kwamba miaka ile ya shida tulishinda tukilia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ukishafua nguo kwa majani ya mpapai, ukanywa chai ya chumvi, halafu jirani akapita mbele yako amevaa sketi aliyoishona kwa gunia la sukari, maandishi ya kiwanda yamemkaa makalioni, na sukari yenyewe hujaiona tangu Pasaka, usipocheka utafanya nini? Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, msichana wa ishirini na kidogo, chaki mkononi na hasira puani. Tulikaa Nangara, pale Babati, mimi, mama yangu na wadogo zangu, na hasira zile nilizirithi kwa mama, si kwingine.

Mama alikuwa mjane, mzaliwa wa huko juu Mbulu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kazi ile aliifanya kana kwamba amekabidhiwa nchi nzima. Mume akimpiga mkewe, anaitwa mama. Mbuzi akila mahindi ya jirani, anaitwa mama. Mvua zilipotukatalia msimu wa pili mfululizo na chakula cha msaada kikaanza kuletwa, ni mama aliyesimama na kopo kuwapimia wenzake, na asiyeridhika na kopo lake alijua pa kupeleka malalamiko: kwa mama huyohuyo.

Chakula chenyewe kilikuwa mahindi ya njano. Serikali ya nchi moja ya baridi huko Ulaya ilikuwa imeyanunua, yakavuka bahari, yakapanda treni, yakapanda lori, mpaka Babati. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Wengine walisema kule kwao ni chakula cha kuku. Wengine wakasema mwanamume akiuzoea hatapata mtoto tena, basi wanaume wa mtaa wetu wakagoma kuula, kwa kishindo, asubuhi. Jioni walikuwa wanagombea ukoko. Tuliusema vibaya, tukaula vizuri.

Siku moja akaja bwana mmoja wa ofisi ya wilaya, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi, kalamu zimejipanga mfukoni. Alitukusanya pale uani kwetu, na habari aliyokuwa nayo ilimtoa jasho kabla hajaisema. Balozi wa nchi ile iliyotupa mahindi alikuwa anakuja kutuona. Serikali yake ilikuwa na shehena nyingine, lakini wenye njaa walikuwa wengi, hata majirani zetu ng'ambo ya mpaka walikuwa wanaomba, na balozi ndiye angeishauri nchi yake mahindi yaende wapi. Akiona tuna shida, yatakuja na yatatufikisha mavuno. Asipoiona shida, tutayasikia redioni.

"Kwa hiyo, akina mama," bwana yule alisema akijifuta shingo, "mgeni aone hali halisi. Msipambe kitu. Gari litaletwa hapa kwenu kwa sababu njia haina mashimo. Mpikieni ugali huuhuu wa njano na mboga za majani, akae ale na wananchi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" tukaitikia kwa pamoja. Haki ya Mungu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameelewa.

Alipopotea tu kwenye kona, watani wakaanza. Jirani yetu mshona nguo, mwanamke asiyeweza kunyamaza hata kanisani, alimpigia mama saluti, akasema balozi anakuja kukagua kazi za balozi mwenzake. Tulicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa ameshaanza kufikiri.

"Ni kweli anakuja kwangu," alisema. "Na mtu hawezi kuja kwangu nikampikia unga wake mwenyewe. Mtu akuletee zawadi, wewe umrudishie kwenye sahani! Mimi sikulelewa hivyo."

"Lakini mama, bwana amesema aone hali halisi."

"Bwana huyo amelelewa na nani?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akina mama waliambizana, na kuanzia siku ile mtaa wetu ukaingia wazimu. Viti viliazimwa Kanisa la Kilutheri, na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki, Parokia ikaona wivu ikatuletea meza. Chupa ya chai ilitoka mtaa wa Maisaka kwa mama mwenye duka ambalo halikuwa na kitu cha kuuza zaidi ya viberiti. Vitambaa vya meza vyenye maua ya kufuma vilitoka kila upande, mpaka meza ikavaa vitambaa vitatu kama bibi harusi anayeogopa baridi. Kuta za nyumba yetu zilipakwa udongo mweupe. Mti wa pale uani ulipakwa pia. Mbuzi wa jirani alijisugua ukutani akapakika ubavu mmoja, na watoto walimfukuza mtaa mzima wakimwita mheshimiwa.

Tatizo likawa mavazi. Kitenge kizuri, kisichofifia, kilichoshonwa gauni, kilikuwa kimoja tu pale mtaani, nacho kilikuwa cha yule mshona nguo. Kikao kikakaa. Ikaamuliwa kwamba akina mama watakaosalimiana na mgeni watapita mmojammoja, na kila aliyekwisha kusalimia atazunguka nyuma ya nyumba, avue, ampe anayefuata. Tulifanya mazoezi. Mama mmoja mnene alikwama nacho katikati, wa nyuma yake anavuta, wa mbele yake anasukuma, na sote tukaanguka chini kwa kicheko, pamoja na kitenge.

Watoto nao walifundishwa, ingawa walikuwa wanajua. Kwetu mtoto hasemi ana njaa mbele ya mgeni. Ukikuta watu wanakula, unasema umeshiba, hata kama tumbo linapiga ngoma. Ukimkodolea macho mgeni anayekula, utajuta akishaondoka. Mama aliwapanga mstari, wadogo zangu na wa jirani.

"Mgeni akiwauliza mmekula, mnasemaje?"

"Tumeshibaaa!"

"Akiwaambia karibuni?"

"Tumeshibaaa!"

"Hao ndio wanangu," mama alisema, akawapangusa kamasi.

Kilichoniuma ni pale alipopanda juu ya kigoda kule jikoni akaanza kuyashusha mahindi yaliyoning'inia juu ya moto. Yalikuwa mahindi yetu meupe, ya mwisho, yamefungwa kwa maganda yake na kukaushwa na moshi ili wadudu wasiyaguse. Yalikuwa mbegu. Mvua zikija ndiyo tungepanda.

"Mama! Hiyo ni mbegu!"

"Naijua. Niliifunga mimi."

"Sasa mvua ikinyesha tutapanda nini? Tutapanda vitambaa vya meza?"

"Chunga mdomo wako, mwalimu," alisema. Kila aliponiita mwalimu nilijua nimeshindwa. Akayapukuchua yote, akayapeleka mashineni, akarudi na unga mweupe ulionifanya nimeze mate. Nilikasirika siku nzima, nikagonga masufuria, na yeye aliimba tu Kiiraqw chake kana kwamba hanisikii.

Siku yenyewe ilifika. Mwalimu wa sekondari aliyetakiwa kutafsiri alikuwa amelazwa na malaria, basi bwana wa wilayani akanisukuma mimi mbele. Kiingereza changu kilikuwa cha kitabuni. Nilikuwa naweza kueleza ng'ombe ana miguu minne na anatupa maziwa. Nilimwomba Mungu balozi aulize habari za ng'ombe.

Gari likaingia na bendera yake ndogo, akashuka mzee mrefu, masikio mekundu kwa jua, kofia mkononi. Nilimpenda papo hapo, kwa sababu mtu wa kwanza ambaye yeye alimsalimia alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, na alimwinamia kwa adabu zote akamwambia, "Shikamoo!"

Yule mtoto akajikohoza. "Marahaba," akajibu, kwa sauti ya babu yake.

Loo! Mtaa ulipasuka. Bwana wa wilayani alifumba macho. Balozi, maskini, aliona salamu yake imependwa, akaendelea nayo: akawaamkia watoto wote, akamwamkia dereva wake, akamwamkia na kijana aliyemshika mbuzi. Kila aliyeamkiwa aliitikia marahaba na kukimbia nyuma ya nyumba kwenda kucheka. Halafu wakapita akina mama na kitenge chao. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu alikuja amekivaa ndani nje kwa haraka, na balozi akaniinamia akasema kwa upole kwamba ua lile linaonekana kupendwa sana Babati. Nikasema ndiyo, mheshimiwa, linapendwa sana. Nilijibana hadi machozi yakanitoka.

Tukamkalisha mezani. Mama akafunua sahani, na pale ndipo bwana wa wilayani alipoona. Ugali mweupe pee, mkubwa, umelainishwa kwa mwiko uliochovywa maji. Kuku mzima. Maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

"Mama," alimnong'oneza kwa sauti ya mtu anayekabwa, "wa njano uko wapi?"

"Upo ndani, unapumzika," mama alimjibu, akamnawisha mgeni mikono.

Balozi alimega, akala, akatikisa kichwa kwamba ni kitamu. Kisha akaangalia huku na huku: viti, vitambaa, ukuta mweupe, mti mweupe. Akaniambia niwaulize watoto kama wamekula leo.

"Tumeshibaaa!" Hata hawakusubiri nimalize.

Nikatafsiri. Bwana wa wilayani akanikanyaga mguu. Balozi akasema waulize kama huwa wanalala na njaa. "Hapanaaa!" Nikatafsiri, nikakanyagwa tena. Akawaita waje mezani wale naye. Wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, macho yao wameyaelekeza juu kwenye mti, mahali pasipokuwa na kitu cha kuangalia. Tumeshiba. Akamkaribisha mama. Mama akacheka kicheko kikubwa, akajipiga tumbo.

"Mimi ndiyo kabisa! Mwambie nimeshiba tangu asubuhi."

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa naogopa Kiingereza kuliko njaa. Sikuona nilichokuwa nakijenga mpaka kiliponiangukia. Balozi aliweka mikono yake mezani, akatabasamu, akaniambia kwamba amefurahi kutoka moyoni. Alitegemea kukuta hali mbaya, kumbe Babati imeshapona. Sasa angeweza kuishauri serikali yake, bila wasiwasi, kwamba ile shehena ipelekwe ng'ambo ya mpaka.

Bwana wa wilayani, ambaye Kiingereza alikuwa anakisikia vizuri, alikaa chini bila kuangalia. Alikalia kofia ya balozi.

Sitasema uongo, mimi nilitaka kumtukana kila mtu pale uani, kuanzia mama yangu na kitambaa chake cha tatu. Mbegu imeliwa, mahindi yanaondoka, na sisi tumesimama hapo tumeshiba! Nikamgeukia mama nikamweleza kwa Kiswahili alichosema mgeni wake.

Mama aliangalia watoto, akaangalia ugali, akaniuliza, "Hao wa ng'ambo ya mpaka, wana watoto?"

"Wanao, mama."

"Basi mwambie awapelekee. Kama shida yao inatuzidi, awapelekee wao."

Balozi alikuwa ananisubiri. "Amesemaje?" akauliza.

Nikisema alivyosema, wadogo zangu watakula nini mpaka mavuno? Nikisema ukweli, kwamba huyu mama ni mwongo na pale mezani pamewekwa mbegu yetu, ningekuwa nimemvua nguo mama yangu mbele ya mgeni, yeye ambaye wiki nzima amepaka ukuta ili asivuliwe. Niligeuka upande huu, nikageuka upande ule. Sikuwa mwanadiplomasia, nilikuwa mwalimu. Na mwalimu akizidiwa ana dawa moja tu.

"Watoto!" nikafoka. "Mstari!"

Wakapanga mstari. Hata wa jirani. Hata mama mmoja mtu mzima alijikuta amesimama kwenye mstari.

"Mikono mbele! Nawa! Kaa chini! Kula!"

Hakuna aliyesogea. Wote walimwangalia mama, kisha mimi, kisha mama. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, aliuangalia ugali kwa muda, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Mama, kwani leo inaruhusiwa?"

Mama aligeuza uso akaangalia ukuta.

Wakala. Mungu wangu, walivyokula! Hakukuwa na kelele tena, hakukuwa na marahaba wala kucheka. Mikono ilikuwa inaingia na kutoka. Kuku alikwisha, mifupa ikatafunwa, aliyepata shingo alijificha nayo chini ya meza. Mmoja alikuwa anakusanya chembe za ugali zilizodondoka kwenye kitambaa kwa ncha ya kidole, mojamoja, bila kuruka hata moja. Balozi aliacha kutafuna. Aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, na yale masikio yake mekundu yakawa mekundu zaidi. Hakuniuliza tena mama amesema nini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini siku ile hata mgeni aliijua.

Kisha akainuka. Alichukua sahani yake, ambayo ugali wake alikuwa ameumega kidogo tu, akazunguka meza, akamfuata mama pale alipokuwa amegeukia ukuta, akampa kwa mikono miwili.

"Nimeshiba," mama akasema. Ile sauti yake kubwa haikuwepo.

Balozi hakuwa anajua neno hilo, au alikuwa ameshalijua. Alibaki amesimama na sahani. Na kwetu mgeni hasimamishwi na sahani mkononi, ni aibu kuliko zote. Mama ikabidi apokee. Akakaa kwenye kigoda chake, akamega tonge, akalipeleka mdomoni taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeonja chumvi. La pili halikuwa taratibu. La tatu aliliweka kabla la pili halijashuka. Nilipoutazama mkono wake niliona mifupa ya kifundo imetoka, pale ambapo bangili ya harusi ilikuwa imekaza miaka yote na sasa ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko.

Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mwalimu. Kila jioni alikuwa anatupakulia, anatuangalia tunakula, na kila jioni alikuwa anasema yeye ameshiba, ameonja hukohuko jikoni. Nilikuwa nakaa pembeni yake kila siku ya Mungu. Nikaongezwa nikala. Nikamwambia asante, nikaenda kusahihisha madaftari.

Balozi hakutoa hotuba. Aliniambia nimwambie mama kwamba mahindi yatakuja Babati, na kwamba atazungumza na wakubwa wake ili ng'ambo ya mpaka nako wapate. Nikamwambia. Mama akameza kwanza. "Mwambie asante," akasema. Balozi akaivaa kofia yake iliyopondwa, na bwana wa wilayani aliomba radhi mpaka gari likaondoka anakimbia nalo kando.

Lori lilikuja. Mbegu mama aliiomba kwa jirani, kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na tulipanda mvua zilipofika. Mtaa uliendelea kucheka. Mpaka leo yule mtoto wa darasa la kwanza, sasa ni mtu mzima na kitambi chake, anaitwa Marahaba.

Na mama yupo, amezeeka, sauti bado kubwa. Jioni nampakulia, anakula kidogo, anaisukuma sahani upande wa wajukuu, anasema ameshiba. "Sawa mama," namjibu. Na sahani nairudisha mbele yake, nakaa.